Kina cha Ndani katika Albamu ya Paid in Full ya Eric B. na Rakim

1.0 Utangulizi

Wahakiki wengi wameutazama muziki wa kufokafoka kwa upande wa maudhui tu: fedha, majigambo na maisha ya mitaani. Makala haya yanadai kwamba albamu ya kwanza ya Eric B. na Rakim, iliyotolewa Marekani mwaka 1987, haiwezi kueleweka vizuri, wala mapokezi yake kuelezeka, bila kuichunguza arudhi yake.

2.0 Fani

Kabla ya albamu hii, waimbaji wengi wa mtindo huu mjini New York walipaza sauti, na vina vyao vilitua mwishoni mwa mshororo. Rakim, aliyekuwa na umri wa miaka 19 na aliyewahi kujifunza kupiga saksafoni, alitamka kwa utulivu kama mtu anayezungumza. Hivyo hata istilahi yetu ya "kufokafoka" haimfai sawasawa. Aidha, alitawanya vina ndani ya mshororo na kuiacha sentensi ivuke kutoka mshororo mmoja hadi mwingine.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili anavifahamu vina vya kati. Hata hivyo, katika shairi la mizani 16 kina cha kati hutarajiwa kwenye mizani ya 8, ilhali kina cha Rakim huhamahama. Kinachomwongoza msikilizaji ni mapigo ya muziki, ambayo hujirudia bila kubadilika na kushika nafasi ya mizani. Ndiyo maana nyimbo 3 kati ya 10 za albamu, zinazotawaliwa na ala na santuri za Eric B., si za kujazia nafasi tu: zinamzoesha msikilizaji kipimo chenyewe.

3.0 Mapokezi

Wimbo "Eric B. Is President" wa mwaka 1986 ulikuwa umekwisha kuwatambulisha wawili hao. Albamu ilifika nafasi ya 58 katika orodha kuu ya jarida la Billboard. Huko Uingereza, wimbo uliobeba jina la albamu ulivuma hasa kwa toleo la Coldcut la mwaka 1987, lililoingiza sauti ya Ofra Haza akiimba utungo wa Shalom Shabazi, mshairi wa Yemeni wa karne ya 17. Wachezaji dansi walivutwa na mdundo. Waimbaji wenzake Rakim walijifunza vina. Hadhi ya platinamu, yaani nakala milioni 1, ilipatikana mwaka 1995. Wakati huo kina cha ndani kilikuwa kimekwisha kuenea, kama inavyodhihirika katika Illmatic ya Nas (1994).

4.0 Hitimisho

Mhakiki akiyanakili maneno ya Rakim karatasini na kuyahesabu kwa jicho, ataona mishororo isiyolingana na huenda akayanyima hadhi ya ushairi. Akiyasikiliza pamoja na mapigo, atakuta urari uliopangwa kwa makini. Utungo uliotungwa kwa ajili ya sikio hauna budi kusikilizwa kwanza, ndipo uhukumiwe.