SOMO: UCHAGUZI WA TELA NA CHOMBO CHA KULIKOKOTA

Msimu wa mavuno unapokaribia, ajenda moja hurudi katika mikutano ya vyama vingi vya msingi: chama kinunue trekta na tela ili mazao ya wanachama yafike ghalani na kiwandani kwa wakati. Ajenda hiyo hupigiwa makofi upesi. Mwanachama aliyeona pamba yake ikinyeshewa uani kwa kukosa lori hana haja ya kushawishiwa. Lakini ni katika ununuzi wa namna hii ambapo fedha za ushuru wa miaka mitano huweza kupotea kwa siku moja, na mara nyingine roho ya mtu pamoja nazo. Somo hili limekusudiwa kuwasaidia wajumbe wa Bodi, ambayo wazee wengi bado huiita Kamati, pamoja na mameneja na wanachama wenyewe, waulize yale yanayostahili kuulizwa kabla hundi haijaandikwa.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuanza na trekta. Wajumbe huenda mjini, huliona trekta jipya linang'aa, hulipenda, hulinunua, kisha hutafuta tela la kulifungia nyuma kwa fedha zilizosalia. Utaratibu huo umepinduka. Shehena ndiyo inayochagua tela, na tela ndilo linalochagua chombo cha kulikokota.

Shehena na ujazo wake

Tuchukue tela lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na mbao za pembeni zenye kimo cha nusu mita. Ujazo wake ni mita 4 za ujazo. Likijazwa mahindi yaliyopukuchuliwa hadi usawa wa mbao, litabeba karibu tani 3. Likijazwa pamba mbegu isiyoshindiliwa, halitafikisha hata nusu tani. Likijazwa mchanga uliolowa, kwa ajili ya kujengea ghala au zahanati ya kijiji, litakuwa na zaidi ya tani 7. Tela ni lile lile, dereva ni yule yule, na jicho la mtazamaji linaona kitu kimoja tu: tela lililojaa. Ndiyo sababu matela mengi ya vyama huvunjika springi na ekseli si wakati wa mavuno, bali wakati wa ujenzi.

Kwa hiyo Bodi iandike kwanza orodha ya vitu vitakavyochukuliwa kwa mwaka mzima, na uzito wa kila kimoja. Chama cha pamba kinahitaji tela refu lenye vizimba virefu. Nguvu nyingi za ekseli hazitakisaidia. Chama cha mahindi au kinachosambaza mbolea kinahitaji ekseli imara na mbao fupi, fupi kwa makusudi, ili mtu asipate nafasi ya kuzidisha. Na asiyetaka kupima afanye hesabu ya magunia: mifuko 60 ya mbolea ya kilo 50 ni tani 3 kamili.

Isisahaulike kuwa tela tupu nalo lina uzito. Tela la tani 3 huweza lenyewe kukaribia tani moja, kwa hiyo chombo kinachokokota kinakabiliana na tani 4. Tela la kiwandani huwa na kibao cha chuma kinachoeleza uzito huo na kiasi kinachoruhusiwa. Matela mengi yanayochomelewa na mafundi wetu hayana kibao. Hilo halimaanishi kuwa ni mabaya, maana baadhi yake ni imara kuliko yaliyoagizwa ng'ambo. Lakini fundi atakiwe kueleza kwa maandishi ekseli imetoka kwenye lori gani, na chama kilipeleke tela kwenye mizani likiwa tupu kabla ya kulilipia.

Matairi nayo husema yenyewe. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uzito linaoweza kuubeba: namba 100 ni kilo 800, namba 121 ni kilo 1,450. Tela la magurudumu mawili lenye matairi ya namba 100 haliwezi kuwa tela la tani 3, hata muuzaji aape. Kuna pia tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa; 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka na kupasuka ubavuni kwa jua.

Breki

Hapa ndipo somo hili linapotaka wasomaji watulie. Trekta la nguvu za farasi 50, kama lile la Massey Ferguson 240 lililoenea sana Afrika Mashariki, lina uzito wa kama tani 2 hivi. Litalikokota tela la tani 4 kwenye tambarare bila kulalamika. Kwa kuwa linavuta, watu huamini kuwa linaweza. Lakini uwezo wa kuvuta na uwezo wa kusimamisha ni mambo mawili mbalimbali. Katika mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100, tela la tani 4 humsukuma dereva kutoka nyuma kwa nguvu ipatayo kilo 400, muda wote, pasipo kupumzika. Breki za trekta la kawaida ziko kwenye magurudumu ya nyuma tu. Iwapo njia ina changarawe au utelezi, magurudumu hayo hufungika yakaanza kuserereka, tela likampita trekta ubavuni, na vyote viwili vikajikunja kama kisu cha mfukoni. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kishindo kinachotakiwa kuzuiwa huongezeka mara nne.

Nchi za Ulaya haziruhusu tela dogo lisilo na breki lizidi kilo 750 pamoja na shehena yake. Kwa matela ya trekta katika njia zetu za vijijini, yafaa chama kijiwekee mpaka wake: tela lisilo na breki, likiwa na shehena, lisizidi uzito wa trekta lenyewe, na penye milima lipungue zaidi. Anayetaka kuchukua zaidi ya hapo anunue tela lenye breki. Ni jambo la kawaida kukuta tela limeundwa kwa ekseli ya lori kuukuu ambayo mfumo wake wa breki uling'olewa ili kurahisisha kazi. Fundi aulizwe breki zilikwenda wapi.

Mambo matatu ya udereva yaandikwe kwenye ubao ukutani mwa ofisi. Pedali mbili za breki za trekta, ambazo shambani hutumiwa kila moja peke yake ili kukata kona, zifungwe pamoja kwa komeo lake kabla ya kuingia barabarani. Dereva akikanyaga moja tu akiwa mwendoni atapinduka. Gia ndogo iingizwe juu ya mlima, kabla ya kuanza kushuka. Na klachi isikanyagwe mteremkoni, kwani wakati huo injini huacha kusaidia kuzuia na tela hushika uongozi.

Kiungio

Tela la magurudumu mawili huweka sehemu ya uzito wake juu ya upau wa kukokotea, na hivyo huyakandamiza magurudumu ya nyuma ya trekta yapate kushika ardhi kwenye tope. Pia hurudi nyuma kwa urahisi. Uzito huo ukizidi, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hauitiki. Tela la magurudumu manne halina faida ya kwanza, na kulirudisha nyuma kunahitaji dereva mwenye subira. Lakini hubeba zaidi na huweza kuachwa ghalani likipakiwa huku trekta likifanya kazi nyingine.

Popote iwapo, tela lifungwe kwenye upau wa chini. Kufunga mnyororo au ndoano juu, kwenye mkono wa juu wa kushikia jembe, kumewahi kuwaua madereva wengi duniani: trekta likikwama huinua pua na kupinduka kinyumenyume juu ya dereva kwa muda usiotosha hata kuruka. Pini iwe ya chuma kinachostahili na iwe na kibanio chake. Nondo iliyokatwa haifai.

Vyombo vingine

Si kila chama kinahitaji trekta. Chama cha maziwa chenye vituo vilivyo karibu na barabara nzuri hupata faida zaidi kwa pikapu na tela dogo. Hapo shehena ipangwe ili sehemu iliyo nzito kidogo iwe mbele ya ekseli. Ikielemea nyuma, tela huinua mkia wa gari na kuanza kuyumba, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo linavyozidi kucheza.

Matrekta madogo ya mkono, yaliyosambazwa kwa wingi Tanzania baada ya mpango wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, hukokota tela dogo vizuri kwenye tambarare za mpunga. Milimani ni hatari ya pekee. Katika mteremko, tela linapolisukuma trekta hilo, kubana klachi ya kushoto huweza kulipeleka kulia, kinyume cha matazamio ya dereva. Mkokoteni wa maksai nao usidharauliwe: hauna diseli, na vipuri vyake hupatikana kwa mhunzi wa kijiji.

Hesabu

Tuseme chama kina tani 240 za mahindi, na ghala kuu liko umbali wa kilomita 18. Kwa tela la tani 3 hizo ni safari 80. Zikifanyika safari mbili kwa siku, kazi yote ni siku 40. Tuseme tena kuwa trekta na tela vimegharimu shilingi milioni 60 na vinategemewa kudumu miaka 10. Uchakavu wa mwaka ni shilingi milioni 6, yaani shilingi 75,000 kwa kila safari, au shilingi 25 kwa kila kilo. Mwanachama aliyeleta kilo 800 amekwisha kulipa shilingi 20,000 kabla dereva hajawasha injini, na kabla ya diseli, mshahara, matairi, bima na riba ya mkopo. Lori la kukodi la tani 10 lingemaliza kazi hiyo kwa safari 24. Bodi ilinganishe.

Hesabu hugeuka iwapo trekta litapata kazi ya kulima, kupukuchua au kuchota maji katika siku zilizobaki, au iwapo umbali ni mfupi na njia ni mbovu kiasi kwamba lori halifiki. Basi swali la kweli katika mkutano mkuu ni hili: siku zile 325 trekta litakuwa wapi? Kama jibu ni kwamba litakuwa likimpeleka mwenyekiti harusini, afadhali kukodi. Na ununuzi ukihitaji mkopo, uwemo katika makisio na ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Watu juu ya shehena

Magunia yakishapangwa, wanachama hupanda juu yake. Ni mazao yao, na ghalani ni mbali. Anayewakataza huonekana ana roho mbaya. Lakini mtu aliyekaa juu ya mbolea katika tela lisilo na breki hana cha kushika, na bima ya trekta haielekei kumhesabu kuwa abiria. Akifa, warithi wake watakidai chama ambacho yeye mwenyewe alikuwa na hisa ndani yake. Katazo hilo lipitishwe na wanachama wenyewe mkutanoni, lisiachwe mikononi mwa utingo mwenye umri wa miaka 19. Hati ya bima isomwe yote ili kuona kama imelitaja tela kwa namba yake.

Maswali ya vikundi vya kujisomea

Chama chenu kikichukua mchanga kwa tela lililoelezwa hapo juu, mbao zijazwe hadi kimo gani ili shehena isizidi tani 3? Njia ya kutoka kwenu hadi ghala kuu ina miteremko mingapi, na ni nani amewahi kuipima? Tela lililopo sasa, kama lipo, lina uzito gani likiwa tupu, na matairi yake ni ya mwaka gani? Majibu ya swali la mwisho yapatikane kwa kwenda kulitazama.