Nani kaiua sauti ya gitaa?

Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Boss DD-2, pedali ya kwanza ndogo ya dilei ya dijitali, ilitoka mwaka 1983. Maana yake ni kwamba gitaa lake kwenye santuri za Morogoro Jazz halikugeuzwa namba popote kati ya kidole na mkanda wa studio. Lakini shabiki wa leo huzisikiliza kwenye simu, na ndani ya simu hakuna kitu ila namba. Utamu uko palepale.

Ubishi wa wapiga gitaa kuhusu pedali za dijitali ungeanzia hapo, ungekuwa mfupi. Kawaida huanzia mazoezini, pale mpiga solo anapokanyaga kiboksi kipya, anakunja uso, kisha anatoa hukumu: "Imeua sauti." Kuna kitu kimeua sauti kweli, mara nyingi. Suala ni kama aliyekamatwa ndiye mwenye kosa.

"Dijitali" hapa ina maana gani?

Gitaa la umeme hutoa umeme mdogo unaotikisika jinsi uzi unavyotikisika. Pedali ya analogia huupitisha umeme huo kwenye transista, dayodi na kapasita mpaka utoke umebadilika sura. Pedali ya dijitali huupima kwanza, mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Kila kipimo huwa namba, chipu inapiga hesabu zake, kisha namba zinarudishwa kuwa umeme.

Nusu ya idadi hiyo ndiyo kikomo cha mlio unaoweza kunaswa. Vipimo 48,000 hufika hezi 24,000, juu kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu. Spika ya gitaa yenyewe huanza kuporomoka baada ya hezi 5,000 hivi. Anayelalamika kwamba vipimo ni vichache na vinaikatakata sauti yake anamsingizia asiyehusika.

Basi kwa nini wapigaji wengi husikia ubaridi, sauti isiyo na uhai?

Kwa sababu waliusikia kweli, hasa kwenye distoshoni za zamani. Hapa dijitali ina kesi ya kujibu.

Distoshoni huzalisha milio mipya juu ya ule uliopigwa, na milio hiyo hupanda mbali sana. Katika mtambo wa vipimo 48,000, mlio wa hezi 44,000 hauna pa kukaa, kwa hiyo hukunjwa na kurudi chini kama mlio wa hezi 4,000. Ni kisa kilekile cha magurudumu ya gari kwenye filamu yanayoonekana kuzunguka kinyumenyume huku gari linakwenda mbele. Mlio huo wa kurudi hauna undugu na noti iliyopigwa. Mpiga solo akivuta uzi kupandisha noti, kile kijimlio cha pembeni kinashuka. Sikio halijui jina la tatizo, ila linajua kuna mgeni ndani ya nyumba.

Dawa yake inafahamika: mtambo unaongeza vipimo mara 4, mara 8 au zaidi wakati wa kutengeneza distoshoni, unachuja uchafu, kisha unarudi kwenye kasi ya kawaida. Hilo linahitaji chipu yenye nguvu, na chipu za viboksi vya bei nafuu vya miaka ya 1990 hazikuwa nazo. Mwenye umri wa kuvikumbuka viboksi vile ana haki ya kinyongo chake. Asichokuwa na haki nacho ni kukitwisha kila kitu kilichotengenezwa baada ya hapo.

Na kwenye dilei, je?

Kwenye dilei ubishi unanoga, kwa sababu kila upande una cha kujivunia.

Dilei ya analogia kama Boss DM-2 ya mwaka 1981 hutumia aina ya chipu iliyobuniwa Philips mwaka 1969. Ndani yake kuna msururu wa kapasita zinazopokezana chaji, kama watu waliojipanga wakipasiana ndoo za maji kuzima moto, na jina la chipu hiyo kwa Kiingereza limetokana na picha hiyohiyo. Ndoo zikipita mikono mingi, maji humwagika. Ndiyo maana kila mwitikio hutoka mzito na wenye giza kuliko uliotangulia, na ndiyo maana DM-2 inaishia milisekunde 300. Wapigaji wanaiita sauti hiyo ya joto. Kiufundi ni upotevu, lakini upotevu unaompisha mpigaji: noti mpya inabaki mbele, mwangwi unarudi nyuma.

DD-2 ilikuja na milisekunde 800 na miitikio safi. Usafi huo ndio uliowaudhi watu, maana mwangwi unaofanana mno na noti unagombania nafasi nayo. Hata hivyo, jambo moja husahaulika: katika DD-2 na mdogo wake DD-3, sauti halisi ya gitaa haigeuzwi namba hata kidogo. Inapita kwenye njia ya analogia, na mwangwi peke yake ndio wa dijitali, unachanganywa nayo mwishoni. Anayesema DD-3 imelifanya gitaa lake kuwa la kidijitali hajafungua kifuniko.

Kuna kisa kitamu zaidi. The Edge wa U2 alianza na Memory Man, dilei ya analogia ya Electro-Harmonix, kisha akahamia Korg SDD-3000, mtambo wa dijitali wa kuwekwa kwenye kabati. Wapigaji waliosaka sauti yake waligundua kwamba sehemu kubwa ya ladha haikutoka kwenye mwangwi. Ilitoka kwenye hatua ya kuingilia ya mtambo huo, inayoisukuma sauti kwa nguvu kabla ya kuipeleka mbele, na hatua hiyo ni ya analogia. Korg ilipoirudisha SDD-3000 sokoni kwa umbo la pedali, hatua hiyo iliwekwa pia. Kwa hiyo mojawapo ya dilei za dijitali zinazosifiwa zaidi husifiwa kwa sehemu yake isiyo ya dijitali.

Mwaka 1999 Line 6 ikatoa DL4, kiboksi cha kijani kinachoiga mashine za mwangwi za zamani, zikiwemo za mkanda, pamoja na kasoro zao. Namba zikafundishwa kumwaga maji.

Mbona sauti hufifia hata pedali zote zikiwa zimezimwa?

Mtuhumiwa wa kuangaliwa kwanza ni waya. Waya wa gitaa una tabia ya kapasita, kwa makadirio pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita 6 kutoka kwenye gitaa hadi kwenye pedali, mita 6 nyingine hadi kwenye amplifaya, na vipande vifupi katikati: milio ya juu inamezwa njiani kabla ya kufika popote. Pedali zenye swichi inayoipitisha sauti moja kwa moja zikizimwa haziisaidii kitu. Zinaunganisha tu waya na waya na kuuongezea urefu.

Pedali nyingi za Boss, za analogia na za dijitali, zina bafa ndani, saketi ndogo inayoipa sauti nguvu ya kuvuka waya mrefu. Mpigaji anayezichukia bafa kwa sababu amesikia zinachukiwa, kisha akaunganisha pedali nane zisizo nazo, amejiundia blanketi na kujifunika nalo.

Fuzz Face ni shauri jingine. Pedali hiyo ya mwaka 1966 inataka kuonana na gitaa ana kwa ana. Ukiweka bafa mbele yake hugeuka kali na kukataa kusafika mpigaji anapopunguza voliumu kwenye gitaa. Iwe ya kwanza kwenye msururu.

Ule mlio mwembamba wa "wiii" unatoka wapi?

Chaja. Ovadraivu ya kawaida ya analogia hula miliampea 10 hivi, ilhali pedali kubwa ya dijitali inaweza kuhitaji 300. Fundi akizining'iniza zote kwenye chaja moja ya bei ya chini kwa waya wenye matawi, mapigo ya saa ya chipu hupenya kwenye umeme wa jirani zake, na ovadraivu inayakuza kama inavyokuza kila kitu. Kipimo chake hakichukui hata dakika: chomoa ovadraivu kwenye tawi, iwekee betri ya voti 9. Mlio ukikatika, pedali zote mbili hazina kosa. Inayotakiwa ni chaja yenye matundu yaliyotenganishwa.

Uchelewaji unasikika?

Kugeuza sauti kuwa namba na kuirudisha kunachukua muda, kwa kawaida milisekunde chache. Sauti hewani husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo milisekunde 3 ni sawa na kusogea mita moja mbali na spika. Mpiga rithimu anayesimama mita 4 kutoka kwenye amplifaya yake anaishi na uchelewaji mkubwa zaidi ya huo kila wikiendi, wala halalamiki. Vifaa vitatu vya dijitali vikifuatana, hapo ni vyema kusikiliza.

Na amplifaya, mbona wengine wameiacha?

Tarehe 8 Desemba 2013 Metallica walipiga katika kituo cha Carlini cha Argentina, Antaktika, na watazamaji wakasikiliza kwa hedifoni. Magitaa yalipita kwenye Axe-Fx za Fractal, mashine za dijitali zinazoiga amplifaya na spika, na bendi ikaendelea kuzitumia katika ziara zilizofuata. Kwa kundi lililojijengea jina kwa kuta za spika, huo si uamuzi mdogo.

Afrika Mashariki haikuhitaji Antaktika kufika huko. Makanisani na kwenye kumbi nyingi, gitaa huchomekwa kwenye mixa kwa sababu amplifaya ya gitaa haipo. Na hapa ndipo pedali za dijitali huonewa kuliko kokote. Mixa hupeleka sauti kwenye spika zinazofika juu hadi mwisho wa usikivu, tofauti na spika ya gitaa inayokata milio hiyo. Distoshoni ikiingia huko bila kuchujwa hutoa sauti ya nyuki ndani ya kopo. Kosa huangukia kiboksi, kumbe kiboksi chenyewe mara nyingi kina kitufe cha kuiga spika ambacho hakuna aliyekiwasha. Mwenye mashine yenye kitufe hicho akiwashe aingiapo mixani, na akizime siku akikutana na amplifaya ya kweli, la sivyo sauti itachujwa mara mbili na kuwa ya chini ya maji.

Mpiga sebene mwenye pesa ya pedali moja tu anunue ipi?

Sebene hupigwa kwa sauti safi, noti zikifuatana kwa kasi, na haina mahali pa kujificha. Distoshoni inaweza kusubiri. Dilei ya dijitali iliyotumika, yenye njia ya analogia kwa sauti halisi, itamfaa kuliko mashine kubwa yenye efekti mia moja ambazo tisini hatazigusa.

Aende dukani na gitaa lake na waya wake, si wa duka. Mwangwi ushushwe hadi sifuri, apige uzi wa kwanza kwenye kituo cha 12, na kiboksi kiwashwe na kuzimwa katikati ya noti. Muuzaji ndiye akanyage. Mnunuzi ageukie ukuta.