Mahojiano Yamekwisha, Hofu Imebaki

*Shikamoo, shangazi. Nilivuka kwa mashua kutoka Faza hadi Amu kuhojiwa ili nipate nafasi katika shule ya bweni. Swali moja la Kiingereza lilinifunga ulimi. Tangu hapo silali vizuri, najiona sifai.*
*Msichana, Kisiwa cha Pate*

Marahaba, mwanangu, anaanza mshauri wetu. Yaliyomkuta binti huyu huwakuta wengi: akili hung'ang'ania pale mtu alipoteleza na kuyasahau majibu yaliyonyooka. Tena anayehojiwa hujikagua kwa jicho kali kuliko wanaomtazama. Mwaka 2000, Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliingia chumbani wamevaa fulana yenye picha ya kuwaaibisha. Wavaaji walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha yake; waliotambua hasa walikuwa karibu robo.

Na wahoji wa Amu wamezoea watoto wa visiwani ambao Kiingereza si lugha ya nyumbani. Kunyamaza kidogo hakuwashtui.

Leo aandike maswali yote anayoyakumbuka na alivyoyajibu, si lile moja tu, kisha amsomee mama au mwalimu. Mawazo yakirudi usiku, ainuke, anawe uso, asome kitu kingine hadi usingizi umjie.

Hali ikiendelea zaidi ya wiki mbili, au akikosa hamu ya chakula, aende hospitali ya Faza. Akijiwa na wazo la kujidhuru asingoje: amwambie mtu mzima papo hapo, au apige 116, simu ya kusaidia watoto, bila malipo, usiku na mchana.