Chakula cha Shuleni Pasipo Taka wala Hasara

Mtoto asomaye shule ya mbali hula chakula chake cha mchana mbali na macho ya mzazi. Akila nusu na kutupa nusu, nyumbani hawana habari. Lakini mwalimu huona, kwa kuwa alasiri mtoto mwenye njaa husinzia mbele ya kitabu. Basi somo letu la juma hili ni namna ya kumfungia mtoto chakula kitakacholiwa chote, wala kisiache taka nyuma yake.

Kwanza, chombo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 sheria ya Kenya yakataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na avunjaye sheria hiyo aweza kutozwa faini ya shilingi milioni 2 hata milioni 4, au kufungwa. Sababu yajulikana: mifuko ile iliziba mitaro ya maji mijini, na ng'ombe na mbuzi waliimeza malishoni. Hata hivyo karatasi za biskuti na chupa tupu zingali zikitupwa njiani. Dawa yake ni mkebe mmoja wenye kifuniko, chupa moja ya maji ijazwayo kila asubuhi, na kitambaa safi. Penye migomba, jani bichi lipitishwe juu ya moto. Litalegea, wala halitapasuka likifungiwa chapati. Gazeti, hata hili letu, lisifungie chakula: wino wake si wa kuliwa.

Pili, chakula chenyewe. Wahenga walisema, "Akiba haiozi". Lakini akiba ya chakula kilichopikwa huoza, na tangu saa moja asubuhi hata saa saba mchana ni saa sita nzima. Yafaa kuchagua vyakula vikavu: chapati, viazi vitamu vya kuchoma, karanga za kukaanga, pamoja na ndizi mbivu au chungwa lisilomenywa. Githeri au wali vichemke sawasawa asubuhi ile ile, kisha vitiwe vingali vya moto sana katika themosi iliyosuuzwa kwa maji yachemkayo. Mchuzi wa jana usiwekwe mkebeni.

Tatu, kuepuka hasara si kula kilichoharibika. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu iletwayo na ukungu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mahindi au karanga zilizoota ukungu zisipewe mtoto, wala kuku.

Nne, kipimo. Mtoto aagizwe kurudisha mkebe pamoja na masalio na maganda yote, wala asigombezwe kwa alichobakiza, asije akakitupa njiani kwa hofu. Mkebe utasema wenyewe. Viazi vikirudi siku tatu mfululizo, kipimo kipunguzwe au chakula kibadilishwe. Mkebe ukirudi mtupu na mtoto akakimbilia chungu, kiongezwe. Maganda yatiwe katika shimo la mbolea, yarudi shambani.

Maswali ya kujibu nyumbani:
1. Juma lililopita mtoto wako alirudi na nini mkebeni?
2. Ni vitu gani ulivyomfungia ambavyo karatasi yake ilitupwa?
3. Chakula cha leo kilikaa saa ngapi kabla ya kuliwa?

Mzazi awezaye kujibu yote matatu amekwisha kulielewa somo hili.