SOMO LA ROBO HII: Burudani Isiyohitaji Kompyuta wala Andiko la Mradi



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia maji, mifugo na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaleta jambo linaloonekana dogo, lakini wanakamati wengi wametuuliza juu yake katika ziara zetu sharikani: tufanye nini na watu wetu, vijana kwa wazee, ambao hawabanduki tena mbele ya kompyuta na simu?

Swali hili ni la haki. Kompyuta imetusaidia sana. Ripoti iliyokuwa ikichukua wiki nzima kufika ofisini sasa inafika kwa dakika chache. Lakini karani au mhasibu anayekaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, mara nyingi hurudi nyumbani akafungua simu mpaka usiku. Macho yake hayakupumzika, yamebadilisha kioo tu. Na kijana aliyekosa kazi, siku yake nzima huishia hapo hapo.

LENGO LA SOMO

Baada ya kujadili somo hili, kamati iweze:
(a) kueleza kwa nini mtu anahitaji burudani nje ya kompyuta;
(b) kuchagua burudani moja au mbili zinazofaa mahali pake;
(c) kuilinda burudani hiyo isigeuzwe kuwa kazi nyingine.

Kwa neno burudani, hapa tuna maana ya jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda tu, si kwa mshahara, wala kwa zamu, wala kwa kuamriwa.

1. KWA NINI TUNAIHITAJI

Mtu anapokazia macho kioo cha kompyuta hupepesa mara chache kuliko kawaida, na kwa sababu hiyo macho hukauka na kuwasha. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni huu: kila baada ya dakika 20, angalia kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Aidha, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kwa siku.

Hata hivyo, afya siyo sababu pekee. Mwili na akili vina haki ya kupumzika. Katika Marko 6:31 tunasoma jinsi Yesu alivyowaambia wanafunzi wake wajitenge wapumzike kidogo, wakati watu walikuwa wengi na hata nafasi ya kula haikuwepo. Hakungoja kazi iishe.

Kukataza peke yake hakutoshi. Mtoto aliyenyang'anywa simu bila kupewa kitu kingine cha kushika, ataazima ya jirani.

2. BURUDANI GANI ITASHINDANA NA KIOO?

Simu inashinda kwa sababu iko karibu, haihitaji maandalizi, na inafurahisha papo hapo. Burudani tunayoichagua nayo iwe na nguvu zake. Tumeona kwamba zinazodumu zina mambo manne:

- Mikono au mwili wote unashughulika. 
- Kuna mwenzako unayemsubiri, naye anakusubiri.
- Mtu anapanda ngazi: mwezi huu anaweza jambo ambalo mwezi uliopita hakuliweza.
- Ina siku yake na mahali pake, karibu na kwa gharama ndogo.

Bao. Tunaanza na mchezo huu kwa sababu unatimiza yote manne. Bao la Kiswahili lina safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na kete 22 mkononi. Katika hatua ya kwanza, iitwayo namua, wachezaji huingiza kete za mkononi moja moja. Zikiisha huingia hatua ya mtaji, ambapo zilizopo ubaoni ndizo zinazochezwa. Aliyeishiwa kete katika safu yake ya mbele, au asiye na namna ya kucheza, ameshindwa. Kanuni hizi mtu hujifunza kwa siku chache, lakini ufundi wenyewe huchukua miaka. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kuupenda mchezo huu. Ubao huchongwa na seremala wa hapo hapo, kete ni komwe, na kama hakuna fedha kabisa, mashimo huchimbwa ardhini. Jambo la kuangalia ni kwamba sehemu nyingi bao limeachiwa wanaume. Kamati iwakaribishe akina mama na wasichana tangu siku ya kwanza.

Kufuma na kusuka. Vitambaa vya kroshia, mikeka ya ukindu, na vikapu vya milulu kama vile vinavyosukwa Iringa, ni kazi za mikono zinazoruhusu mazungumzo. Wazee wanaojua bado wapo. Tusingoje.

Matarumbeta. Sharika zenye bendi zina utajiri. Mpigaji hutumia pumzi, mikono na masikio kwa pamoja, na hawezi kushika simu huku ameshika tarumbeta. Ubaya wake ni gharama, hasa za vyombo na matengenezo ya vali.

Kutazama ndege. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Kinachohitajika ni daftari, miguu na subira. Kijana anaweza kuandika tarehe ambayo mbayuwayu wa kutoka Ulaya wameonekana kijijini kwake kuelekea mwisho wa mwaka, na tarehe walipoondoka, kisha akalinganisha mwaka hadi mwaka. Huyu naye anatembea, na dakika zake 150 anazipata bila kuzihesabu.

3. TUSIIGEUZE MRADI

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Sisi wa idara ya miradi tuna mazoea: tukiona kikundi kinafanya jambo zuri, tunauliza soko liko wapi. Swali hilo ni jema kwa wafugaji wa kuku. Kwa burudani linaweza kuua.

Katika usharika mmoja tulioutembelea, akina mama tisa walikuwa wakikutana kila Alhamisi jioni kufuma vitambaa. Wawili kati yao ni makarani wanaoshinda kwenye kompyuta. Kamati ilipoona vitambaa ni vizuri, ikawaandalia mpango: kila mmoja vitambaa vinne kwa mwezi, vya rangi mbili tu, na mnunuzi yuko mjini. Baada ya miezi mitatu walibaki watatu. Aliyefuma polepole aliona aibu. Aliyependa maua ya rangi nyingi aliambiwa mnunuzi hayataki. Mmoja wa makarani wale alieleza kwamba zamani Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupumua, sasa imekuwa deni jingine la kupeleka kwa tarehe. Wazee wa usharika walisikiliza, wakatenganisha mambo mawili. Wanaotaka kuuza wana kikundi chao siku ya Jumanne, chenye daftari la hesabu. Alhamisi imerudi kuwa ya kufuma tu, na waliokuwa wameacha wanarudi mmoja mmoja.

Hatusemi kuuza ni vibaya. Familia nyingi zinahitaji kila shilingi. Tunasema vikundi viwili vyenye makusudi mawili visifungwe kamba moja.

Jirani zetu wa Uganda wametupa mfano unaojulikana. Mwaka 2004, katika mtaa wa Katwe mjini Kampala, Robert Katende, aliyefanya kazi na shirika la Kikristo la Sports Outreach Institute, alianza kufundisha sataranji kwa watoto ambao hawakuwa wakicheza mpira. Watoto walipata na uji. Mwaka 2005 alifika binti aitwaye Phiona Mutesi. Mwaka 2010 aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya sataranji huko Urusi, na tena mwaka 2012 Istanbul, na habari zake zikatengenezewa filamu mwaka 2016. Tusichukue somo kwamba kila ubao utazaa bingwa. Pale Katwe kulikuwa kwanza na mchezo, uji na mtu mzima aliyekuja kila mara. Hayo matatu kila usharika unayaweza.

4. KWA WAFADHILI NA MARAFIKI ZETU

Fomu nyingi huuliza kipato kimeongezeka kwa kiasi gani. Tunawaomba, kwa shughuli za namna hii, mtuulize mengine: Je, kikundi bado kinakutana baada ya miezi sita? Nani aliyefundishwa sasa anafundisha mwenzake? Je, wasichana wana nafasi sawa? Mahitaji yake ni madogo: taa katika ukumbi wa usharika, mbao chache za bao, nyuzi, au matengenezo ya tarumbeta moja iliyolala stoo.

5. HATUA ZA KUANZIA

- Waulizeni watu wanapenda nini kabla ya kununua chochote.
- Mtafuteni mzee au mama mmoja anayejua, mwombeni afundishe.
- Chagueni siku moja ya wiki na msiibadilishe kwa ajili ya vikao.
- Simu ziwekwe kapuni kwa hiari, na viongozi waanze wao.
- Jaribuni kwa miezi mitatu. Isipopendeza, acheni bila lawama, mjaribu nyingine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika usharika wetu, nani anakaa muda mrefu zaidi mbele ya kompyuta au simu? Je, tumewahi kumwuliza angependa kufanya nini jioni?
2. Ni ufundi gani wa wazee wetu uliobaki kwa mtu mmoja au wawili tu?
3. Je, kuna kikundi tulichokigeuza mradi kikapoteza furaha yake? Tunawezaje kukirudishia?

Ndugu wanakamati, katika ripoti yenu ya robo ijayo ongezeni mstari mmoja tu: mmechagua burudani gani na inafanyika siku gani. Tarakimu hatuhitaji. Tukipita kwenu siku hiyo, tuwekeeni nafasi ubaoni.