Gita bila mwalimu: jifunze, usijiumize!

Tuseme unasoma sekondari hapa Chanzuru na gita unalipiga kidogo. Mishiko mitatu unayo, nyimbo mbili unazimudu, lakini miezi inapita na bado uko palepale. Mwalimu wa gita hayupo. Je, ndiyo mwisho? Hapana!

Mkoa wetu wa Morogoro una historia kubwa ya gita. Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akawa mpiga solo wake mashuhuri, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Alifariki mwaka 1979, lakini nyimbo alizorekodi bado zipo. Hizo zitakufundisha. Fanya hivi:

1. Chagua kipande kifupi cha solo, sekunde 10 tu. Kisikilize mpaka uweze kukiimba kwa mdomo.

2. Kitafute kwenye nyuzi polepole, huku mguu ukihesabu mapigo. Ukikosea mara 3 mfululizo, punguza kasi. Ukikimbia, unakariri makosa.

3. Piga dakika 20 kila siku, baada ya kazi za shule. Usingoje Jumamosi upige saa 3 mfululizo.

4. Mwisho wa wiki jirekodi kwa simu, hata ya kuazima. Kesho yake sikiliza: umeteleza wapi? Andika kwenye daftari. Hilo ndilo somo la wiki ijayo.

Sasa tuje kwenye mwili wako. Ncha za vidole kuuma siku za mwanzo ni kawaida; ngozi itakomaa. Lakini kifundo cha mkono kikiuma, au vidole vikiingia ganzi, usijikaze eti ndiyo ushujaa! Huenda unabana shingo ya gita kwa nguvu mno, au umekunja kifundo kupita kiasi. Acha, pumzika. Ukirudi, legeza mabega, nyoosha kifundo, na bonyeza uzi kwa nguvu ile tu inayotosha kutoa sauti safi. Maumivu yakizidi kujirudia, nenda zahanati mapema. Mikono hiyohiyo unaihitaji darasani, shambani na nyumbani.

Jiulize: leo utaanza na sekunde 10 zipi?