Mwamuzi wa Hakathoni na Swali la Kikapu

Mwaka huu chama cha kompyuta cha shule yetu kiliandaa hakathoni ya siku moja kwa wadogo zetu wa madarasa ya chini, nami nikateuliwa kuwa mlezi na mwamuzi. Tangu siku hiyo wengi wananiuliza, "Kwani hiyo hakathoni ni mnyama gani?" Basi nimeona heri nieleze hapa ili sote tujifunze.

Neno hili limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza. La kwanza ni la kuchezea kompyuta kwa ustadi, na la pili ni marathoni. Sisi wa Kericho na Bomet mbio tunazijua, kwa hivyo maana haitupi taabu. Watu hukaa pamoja kwa muda uliowekwa, wakakimbizana na saa mpaka watoe kitu kinachofanya kazi. Mkutano wa kwanza kuitwa hivyo ulifanyika mjini Calgary, Kanada, Juni 1999, na waliohudhuria walikuwa waundaji kumi tu wa mfumo wa OpenBSD.

Hapa Kenya, shindano la saa 48 lililoitwa IPO48 lilifanyika Nairobi Novemba 2010. Mshindi ulikuwa mradi wa akina dada ulioitwa M-Farm, uliomwezesha mkulima kujua bei ya mazao kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2017, wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls, wanafunzi kama mimi na wewe, walifika California kwa mashindano ya Technovation. Walikuwa wameunda i-Cut, programu ya kumsaidia msichana aliye katika hatari ya kukeketwa aombe msaada kwa simu. Ukiangalia vizuri, washindi hawa hawakuanza na kompyuta. Walianza na shida ya mtu wanayemjua.

Sasa, mlezi na mwamuzi wana kazi gani?

Kwanza, mlezi huuliza, hatendi. Kikundi nilichokilea kilitaka kuunda programu ya kumtumia mkulima ujumbe wa kilo za majani alizopeleka kituoni. Nikawauliza, "Mkulima mwenyewe mmemuuliza?" Wakakaa kimya. Mmoja akapiga simu nyumbani kwa nyanya yake. Nyanya akasema risiti ya mizani anapata, shida yake ni kwamba zinapotea kabla ya mwisho wa mwezi, naye hawezi kujumlisha. Hapo hapo wakabadilisha kazi yao ikawa daftari la kujumlisha kilo ndani ya simu, kwa Kiswahili chepesi. Kama ningewapa jibu, wangelibeba langu na kuliacha la nyanya.

Pili, mwamuzi hapimi mtoto wake. Mwalimu alitoa amri kwamba mlezi asikipe alama kikundi alichokilea, na ni haki. Ngoma ukiipiga mwenyewe, utasema ni tamu tu.

Tatu, mwamuzi hapimi Kiingereza. Kikundi kimoja kilisimama mbele kikaanza kubabaika, maneno yakakwama kooni. Tukawaambia waendelee kwa Kiswahili. Loo! Walieleza mashine yao nati kwa nati. Kumbe akili ilikuwako, ni lugha tu iliyoifunga mlango. Wanachama wenzangu, hilo tulishike sana.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, mwamuzi aulize ni nani atakayefaidika na nani atakayeumia. Kikundi hicho hicho kilikuwa kimechora kimashine cha kuchuma majani ya chai. Mmoja wao alisema kwa fahari kwamba kitafanya kazi ya watu wengi kwa siku moja. Nusu ya ukumbi ilipiga makofi, nusu ilinyamaza. Mimi nilijua kwa nini. Wengi wetu karo yetu inatoka mgongoni mwa mzazi aliyebeba kikapu, na mama yangu ni mmoja wao. Tena, Mei 2023 maandamano yalizuka hapa Kericho kwa sababu ya mashine kama hizo. Mashine ziliteketezwa, na maisha yakapotea. Kwa hivyo swali hili si la kitabuni.

Niliwauliza, "Wale watu wataenda wapi?" Mvulana aliyekuwa akieleza alifikiri kidogo, kisha akajibu, "Kimashine kiwe cha wachumaji wenyewe. Wakinunue kwa chama chao, wapokezane, walipwe kwa kilo." Sijui kama jambo hilo linaweza kufanyika katika mashamba makubwa. Lakini lilikuwa jibu la mtu aliyemwona mwenye kikapu, na tukalipa alama zake.

Karatasi yetu ya alama ilikuwa na sehemu tatu tu: ubunifu, utendaji na maelezo. Baada ya shindano nilimwomba mwalimu aongeze ya nne, "Nani ataumia?" Amekubali iingie mwaka ujao. Kikundi cha kimashine kilichukua nafasi ya pili, na cha ujumbe wa maji ya bomba kikawa cha kwanza, kwa sababu programu yao ilifanya kazi mbele ya macho yetu.

Wenzangu, teknolojia itakuja tupende tusipende, na asiyejua maana haambiwi maana. Tujifunze kuiunda, na tukipewa nafasi ya kuipima, tuipime kwa macho mawili: moja litazame mashine, la pili litazame mwenye kikapu. Kwa hayo machache natia tamati. Tukutane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.